Waliokiongoza Chuo cha Mlimani

Tarehe 25 Oktoba 1961, zikiwa zimesalia wiki sita na siku chache Tanganyika itwae uhuru wake, katika jengo la chama cha TANU lililo jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja, kwenye mtaa ambao hii leo waitwa Lumumba, vijana wasiofikia 15 waliketi mbele ya mwalimu wao kuanza kusoma sheria, na hicho ndicho kilichokuwa chuo kikuu chote cha nchi hii: darasa moja, kitivo kimoja, na nyumba ya kuazima. Wenye nyumba walikuwa watu wa siasa, waliozoea kuvitumia vyumba vile kwa mikutano, kwa kadi za wanachama na kwa hesabu za michango, nao walikubali kusogea ili wanazuoni wapate pa kuanzia. Naitanguliza habari hii makusudi, kwa kuwa aghalabu wanaoandika tarehe ya chuo hiki huanzia kwenye majengo meupe ya kilimani, hali elimu ya juu ya Tanganyika ilipokewa kwanza na chama na kulala chini ya paa la chama. Na ile kadhia iliyowashughulisha viongozi wake wote waliofuata, yaani mwanachuoni ana deni gani kwa waliomsomesha, na je, deni hilo lamzuia kuwaambia wamekosea, iliingia mlangoni pamoja na wanafunzi wale wa kwanza.

Sababu ya kuanza na sheria ilikuwa dhahiri. Makerere ilikuwa imetangulia kwa utabibu, kilimo na ualimu, Nairobi kwa uhandisi na biashara, wala hapana kati yao kilichofundisha sheria. Na wanasheria Waafrika wa Tanganyika walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Nchi iliyokuwa karibu kujitungia sheria zake haikuweza kungoja. Chuo kikafungamanishwa na Chuo Kikuu cha London, kilichotoa shahada, na Rasi wake wa kwanza akawa Cranford Pratt, Mkanada mwenye ilimu ya siasa, aliyeshika kazi hiyo hadi 1965. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia kilimani, magharibi ya mji, upande wa Ubungo, mahali ambapo upepo wa bahari hufika na kelele za mji hazifiki.

Juu ya wote hao alikuwako Mwalimu Julius Nyerere, Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki tangu 1963, kisha Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 1970 hata 1985. Cheo hicho kwa wakuu wengi wa dola ni joho la siku ya mahafali. Kwake yeye kilikuwa kazi. Alikuwa mwalimu wa Pugu kabla ya kuwa rais, alisoma Makerere na Edinburgh, na katika miaka ileile ya shughuli nzito za dola alipata wasaa wa kuifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, iliyochapwa 1963, na baadaye Mabepari wa Venisi, iliyochapwa 1969. Mtu wa namna hii hakuweza kukitazama chuo kikuu kama idara mojawapo ya Serikali. Alikipenda, alikionea wivu, alikikasirikia. Na kila mara alipokuja kuzungumza nacho alikuja na hoja, akatarajia kurudishiwa hoja.

Hasira yake kubwa kuliko zote ilidhihiri tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamuru kwamba wahitimu wa masomo ya juu walitumikie Taifa kwa miaka 2, miezi ya mwanzo wakiwa kambini na muda uliobaki wakiwa makazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakashuka kutoka kilimani wakiwa wamevaa majoho yao, wakaandamana hata Ikulu na mabango mikononi, na mojawapo ya mabango hayo likathubutu kusema kuwa wakati wa mkoloni ulikuwa afadhali. Nyerere hakuwafukuza langoni. Aliwapokea, akausikiliza waraka wao neno kwa neno hata mwisho, ndipo akasimama kujibu, na jibu lake likawa na ncha mbili: zaidi ya wanafunzi 300 waliondolewa masomoni na kurudishwa kwa wazazi wao, na yeye mwenyewe akatangaza papo hapo kwamba mshahara wake unapunguzwa kwa asilimia 20, kwani vijana walikuwa wamesema, na kusema kweli, kuwa wakubwa hula kinono huku wakiwahubiria wadogo kufunga mkanda. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa mwaka uliofuata. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, miezi isiyotimia minne baada ya siku ile, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kuwa wanafunzi wale, pamoja na kukosea katika madai yao, walimwonyesha Rais jambo ambalo washauri wake hawakumwonyesha.

Aliyebeba mzigo wa siku zile kilimani alikuwa Dakta Wilbert Chagula, na kwa heshima yote niliyo nayo kwa waliomfuata, naona ya kuwa yeye hakupata sifa anayostahili. Alikuwa tabibu, mwalimu wa ilimu ya maumbile ya mwili, na alipokabidhiwa urasi mwaka 1965 alikuwa Mtanzania wa kwanza kukiongoza chuo hicho. Katika miaka yake 5 kitivo cha sayansi kilianza, cha utabibu kikafunguliwa 1968, na cha kilimo kikafunguliwa Morogoro. Walimu wenyeji waliokuwa ng'ambo wakirudi mmoja mmoja, aliwapa nafasi bila ya kuwafukuza wageni waliokuwa wakifundisha vizuri. Ilimpasa kusimama kati ya Rais aliyeghadhibika na wanafunzi waliotawanywa, kisha, Machi 1967, kuufungua mlango kwa mkutano uliokusanya walimu, mawaziri na viongozi wa chama kujadili chuo hiki kina kazi gani katika nchi iliyochagua ujamaa. Wako walimu waliotaka kila kitivo kibadilishwe tangu msingi, na wako walioona kwamba kufanya hivyo ni kukiua. Chagula aliwaacha wote waseme, na kutokana na majadiliano ya miaka hiyo likazaliwa somo la lazima kwa wanafunzi wote juu ya jamii na maendeleo ya nchi zao, liwe fungu la mhandisi kama lilivyo fungu la mwanasheria. Maktaba ya chuo yaitwa kwa jina lake, na ni haki.

Lakini uongozi wa chuo kikuu hauishi katika ofisi za utawala. Wako waliokiongoza chuo cha Mlimani wasiwe na cheo kikubwa, na kwanza kati yao nawahesabu wanahistoria. Terence Ranger, Mwingereza aliyefukuzwa na watawala wa Rhodesia ya Kusini, alikuja mwaka 1963 kuwa profesa wa kwanza wa historia, na mwaka 1965 wanahistoria wa Afrika walikutana Dar es Salaam katika kongamano lao la kwanza la kimataifa. Ila waliotia mizizi walikuwa Isaria Kimambo na Arnold Temu. Kimambo alirudi kwao Upare kuwasikiliza wazee, akaandika tarehe ya siasa za Wapare kutoka vinywani mwao katika zama ambazo vyuo vingi duniani viliamini kuwa pasipo karatasi hapana historia. Mwaka 1969 yeye na Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania tangu kale, na watoto wa shule waliokuwa wakikariri safari za Wazungu wakapata kusoma habari za babu zao.

Katika kazi za idara ya historia, moja yanigusa kuliko nyingine. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walitumwa kusini kukusanya habari za vita vya Maji Maji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Kijana aliyefunzwa kilimani kusoma kitabu kwa maelezo yake ya chini alikaa sasa juu ya mkeka Umatumbi au Ungoni, daftari pajani, mbele ya mzee aliyekuwa mtoto mwaka 1905 pamba ya Nandete ilipong'olewa. Akauliza, akangoja, akaulizwa yeye kwanza ukoo wake na ametumwa na nani, kisha akaandika alichosikia. Wazee wale hawakuitwa maprofesa, lakini sijui ni nani mwingine aliyewafundisha vijana wale zaidi yao. Na kutokana na uchunguzi huo wa Gwassa, Ebrahim Hussein, aliyekuwa akisoma sanaa za maonyesho hapohapo, alipata chembe za tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapwa 1969, ambayo kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili kutoka Mombasa hadi Bukavu ameisoma au amesikia habari zake.

Mwaka 1966 alikuja kijana wa miaka 24 kutoka Guyana, Walter Rodney, akiwa ametoka kutunukiwa udaktari wa falsafa London. Alifundisha mwaka mmoja, akaenda Jamaica, serikali ya huko ikamzuia asirejee, naye akarudi Dar es Salaam 1969 akakaa hata 1974. Darasani alihesabiwa kuwa mwalimu mmoja kati ya wengi. Nje ya darasa alikuwa madrasa nzima. Siku za Jumapili vijana wa umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi wa Afrika, ambao mwenyekiti wao wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni wa Uganda, walikutana kusoma na kubishana, na Rodney akaketi nao kama mwenzao. Kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka 1972 kwa ushirika wa wachapaji wa London na wa Dar es Salaam, kiliandikwa katika hewa hiyo, na kila aliyekisoma husikia ndani yake maswali ya wanafunzi.

Yapasa kueleza vilevile kwamba Rodney hakuachwa aseme bila ya kujibiwa. Desemba 1969, baada ya hotuba yake kwa vijana wa Afrika ya Mashariki na ya Kati katika Ukumbi wa Nkrumah, gazeti la chama, The Nationalist, ambalo mhariri wake alikuwa Benjamin Mkapa, lilimshukia kwa tahariri kali, likamwambia kuwa uhodari wa maneno ya mapinduzi si mapinduzi, na kwamba mgeni asitumie ukarimu wa nchi kuchochea kupinduliwa kwa serikali za jirani. Watu wakadhani siku zake zimekwisha. Rodney alijibu gazetini kwa adabu, akaeleza alichokusudia, akaendelea kufundisha miaka 4 zaidi. Sifahamu nchi nyingi za wakati ule, za Magharibi au za Mashariki, ambapo mwalimu mgeni angekemewa na gazeti la wenye dola siku ya Jumamosi na Jumatatu akaingia darasani kama kawaida.

Bahati hiyo hawakuwa nayo waliochapisha Cheche. Jarida hilo lilianza 1969, likahaririwa na wanafunzi, Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, na lilitengenezwa kwa jasho: makala yakipigwa taipu juu ya stensili, karatasi zikitolewa moja moja kwenye mashine ya kuzungusha kwa mkono, kisha vijana wenye vidole vyeusi kwa wino wakizipanga juu ya meza na kuzibana kwa pini. Mwaka 1970 toleo zima lilitolewa kwa insha ndefu ya mwanafunzi wa sheria aitwaye Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, aliyedai ya kuwa ndani ya Tanzania ya Azimio kulikuwa na mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya, na kwamba tabaka jipya lilikuwa likijijenga ndani ya ofisi za umma. Novemba mwaka huohuo jarida na umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi uliolitoa vikapigwa marufuku. Hapo, kwa rai yangu, dola ilijidhulumu. Insha ile ilikuwa ikisema kwa lugha ya wanazuoni yaleyale ambayo Mwalimu mwenyewe aliyahofu na kuyakemea hadharani. Na jarida lililotoka kwenye mashine ya mkono halikuwa na nguvu ya kumtikisa yeyote ila mwenye dhamiri.

Mwaka 1970 ulikuwa wa mageuzi makubwa kwa sababu nyingine pia. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa, kila nchi ikachukua chuo chake, na tarehe 1 Julai Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama peke yake kwa sheria ya Bunge. Kuwa Makamu Mkuu wa kwanza hakuteuliwa profesa, aliteuliwa Pius Msekwa, msomi wa Makerere, aliyekuwa Katibu wa Bunge, kisha Katibu Mtendaji wa TANU. Wako walioona uteuzi huo kuwa ni kukivisha chuo sare ya chama. Mwenyewe Msekwa hakuficha kuwa alitumwa kuhakikisha chuo chatembea na Taifa, na katika miaka yake 7 kitivo cha uhandisi kilifunguliwa, Juni 1974 Kongamano la Sita la Waafrika wote ulimwenguni likafanyika kilimani, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka huohuo ikaanza desturi ya kuwataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Lakini mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, kijana wa Kenya, alipoandika barua ya wazi kuulaumu utawala, polisi waliletwa chuoni wakamwondoa, na wanafunzi pamoja na baadhi ya walimu wakagoma. Jeraha hilo lilichukua muda kupona. Msekwa baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge la vyama vingi, kazi ya mtu aliyejifunza kusikiliza pande mbili, na mimi hupenda kufikiri kuwa Mlimani ilikuwa na sehemu katika mafunzo hayo.

Katika mambo ambayo hayakuleta fujo, na kwa hiyo hayakuandikwa magazetini, kubwa ni lugha. Ile Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 kusanifisha Kiswahili, ikahamahama kutoka mji hadi mji, Makerere, kisha Mombasa, ilifika Dar es Salaam na mwaka 1964 ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ndani ya chuo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Farouk Topan alianza kufundisha fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe, na mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ikaanzishwa. Mwaka 1981 taasisi ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyofasiri Kiswahili kwa Kiswahili. Wakati huohuo Euphrase Kezilahabi alikuwa akifundisha na kuandika, Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mlama, alikuwa akiandika tamthilia na kuzifundisha, na Mugyabuso Mulokozi akikusanya tenzi na kuzichambua. Watu hawa walithubutu kusimama katika ukumbi wa chuo kikuu na kujadili falsafa ya kifo, ubeberu na tanzu za ushairi bila ya kuazima hata sentensi moja kwa jirani, na yeyote anayeandika Kiswahili cha fikra leo, awe Nairobi, Unguja au Lubumbashi, anakula matunda ya shamba lao.

Miaka ya uhaba nitaipita kwa haraka. Ibrahim Kaduma, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alishika umakamu 1977, na mwaka uliofuata wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya mawaziri na wabunge, wakafukuzwa kama walivyofukuzwa kaka zao wa 1966. Nicholas Kuhanga akafuata 1980 na kubeba miaka ambayo vitabu vilikosekana na walimu waliuza vitumbua na mayai ili wasomeshe watoto. Mwaka 1988 akaja Geoffrey Mmari, profesa, mtu wa hisabati na ualimu, mpole wa sauti, aliyeshuhudia chuo kikifungwa na Serikali mwaka 1990. Mmari alikwenda baadaye kukiasisi Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho huwafikia watu walipo, na mimi huona hiyo kuwa kazi yake kubwa.

Matthew Luhanga, mhandisi wa umeme na mawasiliano, alikaa katika kiti cha umakamu miaka 15, 1991 hadi 2006, hapana aliyekaa zaidi yake. Alikuta majengo yanavuja na akiba imekwisha, akaanzisha mwaka 1994 mpango wa kukifanyia chuo mageuzi tangu juu hadi chini: idadi ya wanafunzi ikapanda mara kadhaa, kompyuta zikaingia, ardhi ya chuo ikatumika kuleta mapato, na ndipo lilipoibuka duka kubwa la Mlimani City. Wapo walimu walionung'unika kuwa soko limepanda mlimani, na aliyesema hivyo kwa ufasaha kuliko wote alikuwa Seithy Chachage, mwanasosholojia na mwandishi wa riwaya ya Makuadi wa Soko Huria, kiongozi wa jumuiya ya wanataaluma hadi kifo chake 2006. Nawapenda wote wawili kwa pamoja. Pasipo Luhanga mapaa yangeendelea kuvuja. Pasipo Chachage pasingekuwako mtu wa kuuliza mapaa yale yanamsitiri nani. Pamoja na Chachage niwataje Haroub Othman wa Unguja, aliyefundisha mafunzo ya maendeleo na kuwaanzishia Wazanzibari kituo cha huduma za sheria, na Ernest Wamba dia Wamba wa Kongo, mwanahistoria aliyekuja mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuwafundisha wanafunzi kwamba siasa ya Afrika yaweza kuanzia kwenye baraza la kijiji, si lazima ianzie kwenye ilani ya chama.

Luhanga alifuatwa na Rwekaza Mukandala, mwanazuoni wa siasa, na katika siku zake, mwaka 2008, ilianzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za Umajumui wa Afrika, ili mawazo ya mwasisi yajadiliwe kilimani kila mwaka, mbele ya wanafunzi na mbele ya wananchi wowote wapendao kuja. Mwenye kigoda wa kwanza alikuwa Issa Shivji, yule ambaye insha yake ya ujanani ilitangulia kufungwa kwa jarida. Wa pili Penina Mlama. Ukumbi ulijaa wakulima, walimu wa shule, mashekhe, wanaharakati na wazee wa TANU, na mhadhara ukitolewa na kujibiwa kwa Kiswahili. Mwaka 2020 Shivji pamoja na wenzake wawili wa chuo hichohicho, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, walitoa maisha ya Nyerere katika juzuu 3, kazi ya miaka mingi ya kupekua nyaraka na kuwahoji waliomjua, wakamwandika kwa mapenzi, na pale alipokosea, kufukuzwa kwa wanafunzi kukiwemo, wakaandika kuwa alikosea.